Fukuto la Kaskazi na Daftari la Mpimaji wa Mtaani

Kila mwaka, upepo wa Kaskazi ukishashika na jua la Januari na Februari likaanza kutuchoma hata kivulini, taarifa ya hali ya hewa isomwayo mwishoni mwa habari za saa mbili usiku hutupa tarakimu moja tu kwa kila mji: Dodoma nyuzi 32, Dar es Salaam nyuzi 32, Unguja nyuzi 32. Msikilizaji asiyechunguza huweza kudhani kwamba watu wa miji hiyo mitatu wameshinda katika hari iliyo sawasawa, ilhali wa Dodoma aliyekaa chini ya mwarobaini amepumzika salama, na wa Darajani, Unguja, amekwisha badilisha shati mara mbili kabla ya adhuhuri. Hoja ninayotaka kuisimamia ni kwamba tarakimu hiyo moja haitoshi, kwamba ile ya pili inayokosekana huweza kupimwa na mtu yeyote mwenye vipimajoto viwili na kipande cha melimeli, na kwamba sisi watu wa pwani, ambao wazee wetu waliishi kwa kuzijua pepo na majira, tumeziachia ofisi na simu kazi ambayo sehemu yake ni yetu wenyewe.

Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho, na jasho halipozi kwa kutoka bali kwa kukauka. Basi hewa kavu ya bara hulipokea na kulichukua upesi, ilhali hewa ya pwani wakati wa Kaskazi, iliyokwisha beba mvuke mwingi wa bahari yenye joto, huliacha litiririke shingoni na mgongoni bila ya kuleta nafuu yoyote. Hilo ndilo fukuto. Kwa hesabu zinazotumiwa na idara ya hali ya hewa ya Marekani, hari ya nyuzi 32 pamoja na unyevu wa asilimia 40 humfikia mtu kana kwamba ni nyuzi 32 na ushei, lakini hari iyo hiyo ya nyuzi 32 pamoja na unyevu wa asilimia 70 humwelemea kwa nyuzi 40 na ushei. Tofauti ya nyuzi nane si jambo dogo kwa mchukuzi wa bandarini, kwa mwashi aliye juu ya paa, kwa mama mjamzito anayengoja foleni ya maji, wala kwa mtoto aliyesongamana na wenziwe darasani chini ya bati lisilo na dari. Na katika miaka hii ambayo mwezi mtukufu wa Ramadhani umeangukia Februari na Machi, hakuna aliyefunga ambaye hakuijua tofauti hiyo kwa koo lake mwenyewe.

Chombo cha kuupimia unyevu si cha kutisha. Hutwaliwa vipimajoto viwili vya namna moja, vikatundikwa bega kwa bega juu ya kibao. Kimoja huachwa kikavu, na cha pili, pale penye tumba lake la chini, huvikwa kitambaa chepesi cha melimeli kilichofuliwa hata wanga wote ukatoka, ncha yake ikaning'inia ndani ya kikombe cha maji ya mvua, kwa sababu maji ya kisima chetu yana chumvi na chumvi hugandisha kitambaa. Kisha mtu hukipepea kibao kwa kipepeo cha ukili mpaka kile kilichovikwa kiache kushuka, naye hukisoma hicho kwanza, upesi, kabla pumzi zake mwenyewe hazijakipandisha. Kikavu kikisema 32 na kilichovikwa kikasema 27, jedwali litampa unyevu wa asilimia 68 hivi. Na kila tofauti baina ya viwili hivyo inavyopungua, ndivyo jasho la watu linavyokosa pa kwenda. Wataalamu wawili, Steven Sherwood na Matthew Huber, waliandika mwaka 2010 kwamba kipimo chenye kitambaa kikifika nyuzi 35, hata mtu mwenye afya njema, aliyepumzika kivulini penye upepo, hawezi kuishi zaidi ya saa chache. Na majaribio ya miaka ya karibuni yameonyesha kwamba mwili huanza kushindwa kabla ya kufika hapo. Kiwango hicho kiko mbali na hali yetu ya kawaida, alhamdulillahi, lakini asiyepima hawezi kujua kama umbali huo unabaki au unapungua.

Mahali pa kuviweka vyombo ndipo penye mashaka zaidi kuliko vyombo vyenyewe. Kipimajoto kilichopigiliwa msumari katika ukuta unaopigwa na jua la alasiri hupima ukuta, na kilichoning'inizwa chini ya upenu wa bati hupima bati. Ndiyo maana katika karne ya kumi na tisa Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa huko Uskochi, na baba wa mwandishi Robert Louis Stevenson ambaye hadithi zake zilisomwa kwa Kiswahili katika shule zetu za zamani, alibuni kisanduku cheupe cha mbao chenye mbavu za kupitisha upepo na kuzuia mwanga, mithili ya madirisha ya nyumba za Mji Mkongwe. Fundi seremala yeyote wa Ng'ambo huweza kukiunda kwa mabaki ya mbao. Kikisimamishwa uwanjani, kimo cha kifua cha mtu mzima, mbali na kuta na sakafu ya saruji, kazi yake itaaminika.

Mwenye kuandika kila siku huona mambo ambayo wastani wa mwezi huyaficha. Ataona, kwanza, kwamba jua hupita utosini mwa Unguja mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi wa Machi na tena mapema mwezi wa Oktoba, na kwamba ingawa jua ni lile lile, Oktoba hatuungui kwa kiasi cha Machi, kwa kuwa bahari bado imepozwa na miezi ya Kusi, ilhali kufika Machi imekwisha pashwa joto na miezi ya Kaskazi. Ataona, pili, kwamba siku nzito kuliko zote si zile za Januari ambapo Kaskazi huvuma kwa nguvu na kupeperusha kanga kambani, bali ni zile za mwisho wa msimu, upepo unapolegea na tanga mbili zinapoanza, ambapo hari haikuzidi sana lakini jani la mnazi halitikisiki. Na ataona, tatu, jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote na ambalo taarifa zetu hulipita haraka: kwamba taabu ya fukuto huhesabiwa usiku. Mtu aliyeumia na jua mchana hupata kurudishiwa nguvu akilala mahali pa ubaridi. Ikiwa kiwango cha chini kabisa cha usiku kucha hakikuteremka chini ya nyuzi 26, na chumba chenyewe kina kuta za matofali membamba zilizokunywa jua mchana kutwa, basi huamka akiwa na deni, na deni hilo hujumlishwa siku kwa siku. Kituo kikuu cha kupimia cha Dar es Salaam kiko uwanja wa ndege, na cha Unguja kadhalika kiko uwanja wa ndege wa Kisauni, penye nyasi na uwazi kama kanuni za kimataifa zinavyotaka, wala sivilaumu kwa hilo. Lakini hakuna alalaye katika njia ya kurukia ndege. Tunalala Kariakoo, na Manzese, na Jang'ombe, na huko hakuna chombo.

Nije katika mvua na ngurumo. Katika majira ya tanga mbili, asubuhi huwa kweupe, kisha kuelekea saa saba huanza kuchomoza juu ya bara mawingu meupe yenye kingo kali, na yale yanayoendelea kupanda mpaka vichwa vyake vikatandazika ndiyo yatakayoleta radi kabla ya magharibi. Mtu aliyeketi Forodhani jioni huweza kuuona umeme wake ukimweka ng'ambo ya mkondo, asisikie ngurumo yoyote kwa umbali. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa kuliko bahari, upepo hutoka bara kwenda baharini, mawingu hukusanyika juu ya maji, na ndiyo sababu masika ya pwani hupenda kumwaga alfajiri, wakati wavuvi wanarejea na watu wanakwenda msikitini. Huu si uaguzi. Ni utaratibu wa hewa na maji, na kila aliyekaa miaka pwani anaujua kwa nusu, akakosa tu kuuandika.

Taarifa rasmi hutuambia kwamba kutakuwa na mvua na ngurumo za radi katika maeneo machache ya mikoa ya Dar es Salaam, Pwani, Tanga pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Maneno hayo ni ya kweli na ya uangalifu, kwani wingu moja la radi kwa kawaida halizidi kilomita chache kwa upana na hakuna mashine duniani iwezayo kusema leo kwamba kesho litasimama juu ya Mwembeladu likaiacha Amani. Lakini mvua ikishanyesha, ni nani aliyeandika ni maeneo yapi hayo machache, na kila moja lilipata kiasi gani? Hapa ndipo kazi ya mpimaji wa mtaani inapokuwa haina badala. Tarehe 27 na 28 Julai 1997, katika mji wa Fort Collins huko Colorado, mvua ilinyesha upande wa magharibi zaidi ya milimita 350, na upande wa mashariki wa mji uo huo haikufika 50. Mafuriko yakaua watu watano, na katika kutafuta sababu ikadhihirika kwamba vipimo vya serikali havikuweza kuuona ubavu wa mji uliozama, bali iliwabidi wataalamu waende nyumba kwa nyumba wakiuliza nani alikuwa na chombo uani kwake. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado kikaanzisha mtandao wa wapimaji wa kujitolea, walimu, wakulima, wastaafu na watoto, kila mmoja na kipimamvua chake, nao leo wanahesabika kwa maelfu. Sisi tulipata mafuriko yetu Desemba 2011, Bonde la Msimbazi lilipofurika na watu zaidi ya 40 wakafa Dar es Salaam, na bado maji ya milima ya Pugu hushuka Jangwani bila ya watu wa chini kuambiwa na wa juu kwamba huko kwao imenyesha mfululizo tangu usiku.

Kipimamvua ni rahisi kuliko vyombo vyote. Chupa ya maji ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, iliyokatwa shingo na shingo yake ikapinduliwa iwe faneli, ikasimikwa mahali pa wazi ambapo mti ulio karibu uko mbali kwa mara mbili ya urefu wake, yatosha kuanzia; husomwa kila siku saa tatu asubuhi, saa ile ile inayotumiwa na vituo vya serikali, na siku isiyo na mvua huandikwa sifuri, kwani sifuri nayo ni habari. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo paa la mita 60 za mraba likinyeshewa milimita 50 limepokea lita 3,000, na mwenye nyumba anayenunua maji kwa dumu ataipiga hesabu hiyo mwenyewe bila ya kuhimizwa.

Kuhusu barometa, ningemshauri mwanafunzi wa mambo haya asiwe na haraka ya kuinunua. Zile za duara zilizoandikwa mvua, mabadiliko na jua zilitengenezwa kwa ajili ya Ulaya, ambako kushuka kwa mgandamizo wa hewa ni dalili ya dhoruba. Hapa kwetu, karibu na ikweta, mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa utaratibu usiokosea, ukafika kileleni yapata saa nne asubuhi na saa nne usiku, na ukateremka chini yapata saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, mvua inyeshe au isinyeshe. Mgeni asiyejua hilo hutangaza tufani kila siku baada ya adhuhuri. Walakini chombo hicho kina siku yake. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikazizamisha merikebu za Sultani Sayyid Barghash bandarini na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hiki, huku Pemba ikisalimika karibu yote, na tangu hapo karafuu ikawa mali ya Pemba zaidi kuliko ya Unguja. Lindi ikapigwa Aprili 1952. Tufani Jobo ya Aprili 2021 ilifika pwani ya Dar es Salaam imekwisha nyongea, na Hidaya ya Mei 2024 ikalegea karibu na Mafia, lakini mvua zake zilikata barabara ya kwenda Lindi. Anayejua mwendo wa kawaida wa barometa yake, akiona siku moja ya Aprili imeshuka na haikupanda saa nne usiku, ameona jambo la kumnyima usingizi.

Wazee wetu hawakuwa na barometa wala kipimajoto, na hawakuwa wajinga. Mwaka wa Kiislamu wenye siku 354 ni wa ibada, haushiki majira, kwa hiyo manahodha na wakulima wa pwani walihesabu kwa Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365 uliogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, ambao mpaka leo watu wa Makunduchi huufungua kwa Mwaka Kogwa mwezi wa Julai. Na Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa karne ya kumi na tano, alizitaja tarehe za kutweka tanga kwa kuzihesabu tangu Nairuzi. Kisha wakatuachia kauli kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wako wanaoidharau kauli hiyo kwa kuwa haikutoka maabara, na wako wanaoiamini kwa kuwa ni ya wazee, na makundi yote mawili yamekubaliana katika kosa moja, nalo ni kutoijaribu. Nyota za Kilimia hupotea magharibi mapema mwezi wa Mei na kuonekana tena mashariki alfajiri ya mwezi wa Juni. Mwenye daftari la mvua la miaka kumi huweza kuisahihisha au kuithibitisha kauli yote kwa mchana mmoja wa kazi.

Haya yote hayampi mpimaji wa mtaani ruhusa ya kuwa msemaji wa mbingu. Simu zetu zimejaa ujumbe usio na mwenyewe, uliopigwa chapa ya herufi kubwa, unaotangaza tufani usiku huu na kumwamrisha kila asomaye aupeleke kwa watu kumi. Na watu waliokimbia mara mbili kwa ujumbe wa uongo hawatakimbia mara ya tatu utakapokuja wa kweli. Angalizo na tahadhari zitolewe na Mamlaka ya Hali ya Hewa, yenye setilaiti, rada na watu waliosomea, na raia azipokee na azitii. Kazi ya raia ni kuandika yaliyotokea, kuyapeleka kwa wanaoyahitaji, na, akitaka kubashiri ya kesho kwa ajili ya majirani wanaoanika karafuu au dagaa, aseme kwa kipimo: mara nyingi hali kama hii imeleta mvua kabla ya magharibi, anikeni asubuhi na mwe na turubai karibu. Tena aandike ubashiri wake kabla, si baada, ili mwisho wa msimu auhesabu ulipofaa na usipofaa mbele ya watu wale wale.

Najua nitajibiwa kwamba vyombo vya chupa na kitambaa havina usahihi wa vile vya kituo. Ni kweli, na dawa yake ni kuvilinganisha na vya kituo kwa juma moja kila mwaka na kuandika vinapokosea. Kipimo chenye kosa linalojulikana kina faida kuliko mtaa mzima usio na kipimo. Baadhi ya shule barani Afrika zimekwisha pokea vituo vidogo vya mradi wa TAHMO, ambavyo hupima na kupeleka tarakimu vyenyewe, nami navisifu, ila naona chombo kinachosomwa na mtoto kwa jicho lake humfunza zaidi kuliko kile asichokigusa.

Basi nawaomba walimu wakuu wa shule za pwani, tangu Tanga hadi Mtwara na visiwani, wasimamishe kisanduku cheupe na kipimamvua uwanjani kabla ya Kaskazi ijayo kushika mwezi wa Desemba, na wampe mwanafunzi mmoja wa kila darasa zamu ya saa tatu asubuhi. Nawaomba wahariri wa magazeti na redio watangaze unyevu kando ya joto, na kiwango cha chini cha usiku kando ya kile cha juu cha mchana, kwani tarakimu hizo Mamlaka inazo tayari na hazigharimu hata mstari mmoja wa ziada. Na wewe msomaji uliye na ua, au hata paa tu, chupa moja na daftari la kurasa 80 vyatosha kuanza kesho.